Vizuizi vya vimeng'enya vinavyokarabati DNA: maswali ninayoulizwa kila msimu wa tasnifu

Kila mwaka ikifika Mei simu yangu haipumui. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wengi wa hapa Mbeya na wachache wa Iringa, wanashtuka kwamba ile mada waliyoichagua kwa sababu ilisikika vizuri ina pipeti, dozi na friza ndani yake. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika hapa na majibu yake ili nikiulizwa saa tano usiku nitume kiungo, nilale. Mimi ni mtu wa maabara. Kazi yangu ni kukuza seli, kisha kuzitesa kwa utaratibu. Wa dawa za hospitali ni wengine, na hilo nalo lina swali lake huko chini.

Kamwene mwalimu. Kwa lugha ya kawaida, hivi vizuizi ni kitu gani?

Kamwene. DNA haikai salama ndani ya seli kama watu wanavyodhani. Maji peke yake yanaiharibu. Miaka ya 1970 Mswidi Tomas Lindahl alikokotoa kwamba kila seli ya mnyama hung'okwa na herufi kama 10,000 za A na G kwa siku, bila jua, bila sigara, bila sumu yoyote. Na bado tunaamka salama, maana yake kuna wanaorekebisha usiku na mchana. Kuwatafuta hao warekebishaji ndiko kulikompa Lindahl Nobel ya Kemia ya 2015, pamoja na Paul Modrich na Aziz Sancar.

Warekebishaji hao ni vimeng'enya, na kila kimoja kina kishimo chake cha kufanyia kazi. Kizuizi ni molekuli ndogo inayoingia kwenye kishimo hicho ikakaa. Olaparibu ina uzito wa daltoni 434 hivi, wakati PARP1, kimeng'enya inachokizuia, inazidi daltoni 110,000. Umewahi kuvunjikiwa na njiti ndani ya kufuli? Kufuli ni zima na mlango ni mzima, ila ufunguo hauingii.

(Majina nayaandika yanavyotamkwa na sisi. Kwenye kichupa utakuta olaparibu haina hiyo «u» ya mwisho. Usinipigie simu kwamba umeletewa kitu kingine.)

Kwa nini nisiifute jeni yenyewe nikamaliza kazi?

Unaweza, lakini unajibu swali tofauti. Ukifuta jeni, protini haipo kabisa, na seli imepata wiki kadhaa za kuzoea ukiwa. Ukiweka kizuizi, protini ipo, imesimama palepale, ila mikono imefungwa, na imefungwa dakika hii hii. Unaweza kuosha kizuizi ukaona seli inarudije, na unaweza kupunguza dozi nusu. Jeni huwezi kuifuta nusu, wala kuifuta saa kumi ukairudisha saa kumi na moja.

Tofauti ya «haipo» na «ipo ila imefungwa» si ya maneno tu. Ndiyo siri yote ya PARP. Soma kisa cha mlima Kitonga kwenye swali la PARP na BRCA.

Nianze na kimeng'enya kipi?

Kama ni mara yako ya kwanza, PARP1. Vizuizi vyake vimechunguzwa kuliko vyote na matokeo yanasomeka hata kwenye maabara ya vifaa vichache.

Ukitaka kitu chenye hadithi nzuri ya kemia, chukua MGMT. Hii hung'oa kikundi kidogo cha kaboni kutoka kwenye herufi G na kujibandika yenyewe, kisha basi, imekufa. Molekuli moja ya kimeng'enya kwa jeraha moja. O6-benzilguanini, iliyotangazwa 1990, ni chambo tu: kimeng'enya kinajimaliza juu yake, halafu dawa ya saratani kama temozolomaidi inakuta ulinzi umelala. Angalizo: temozolomaidi ikiwa kwenye maji ya pH ya damu nusu yake huvunjika kwa takriban saa mbili. Usiitengeneze asubuhi ukaitumia baada ya chakula cha mchana.

Kuna familia ya wapiga kengele: ATM, ATR na DNA-PK. (ATM hii haitoi pesa.) ATM na DNA-PK hushughulika zaidi na nyuzi mbili zilizokatika kwa pamoja, ATR na uzi mmoja uliobaki uchi wakati DNA inanakiliwa. Vizuizi vyao: ATM ina KU-55933, DNA-PK ina NU7441, ATR ina VE-821. APE1 na RAD51, warekebishaji wengine wawili, ni ngumu zaidi, vizuizi vyao vingi ni dhaifu au vina tabia ya kugusa vitu vingine. Polimerasi theta, mrekebishaji mwingine tena, ilipata msisimko 2021 ilipoonekana kwamba novobiosini, antibiotiki ya zamani kabisa, inaizuia.

Kwa nini kila makala inaanza na PARP na BRCA?

Kwa sababu ya 2005. Mwaka huo makundi mawili yalionyesha kwa wakati mmoja kwamba seli zisizo na jeni ya BRCA1 au BRCA2 inayofanya kazi zinakufa kwa kizuizi cha PARP kwa dozi ambayo seli nzima haishtuki. Seli iliyopoteza BRCA imepoteza njia moja ya kukarabati DNA, ukiifungia na ya pili imekwisha. Desemba 2014 olaparibu ikaruhusiwa Marekani na Ulaya kwa saratani ya ovari.

Maelezo ya awali yalikuwa rahisi: njia mbili, zote zimefungwa. Kisha mwaka 2012 ikaonekana kuna zaidi, na hapa ndipo ninapowapeleka wanafunzi Kitonga.

Aliyepita ule mlima kwa basi la Dar anaujua. Lori likifa kwenye kona, njia inaziba, linaitwa gari la kuvuta. Sasa fikiria gari la kuvuta lenyewe linazimika palepale kwenye kona, limeshajifunga kwenye lori. Hapo ni bora lisingekuja. Abiria wanashuka, wauza karanga wanafurahi, na mnalala njiani. PARP1 iliyoshikwa na kizuizi hufanya vivyo hivyo: inabaki imeng'ang'ania DNA mahali palipojeruhiwa, na mashine ya kunakili DNA ikija inagonga. Ndiyo maana seli isiyo na PARP1 kabisa huvumilia olaparibu kuliko seli yenye PARP1. Gari la kuvuta halipo, kwa hiyo haliwezi kuziba.

Na ndiyo maana vizuizi viwili vinavyozima kimeng'enya sawasawa kwenye mrija vinaweza kuua seli kwa viwango vinavyopishana sana. Talazoparibu, kizuizi kingine cha PARP, hunasisha PARP kwenye DNA kwa nguvu kama mara 100 ya olaparibu. Veliparibu hunasisha kidogo mno. Ukiandika kwenye tasnifu «kizuizi cha PARP» bila kusema kipi, mimi nikiwa msahihishaji nakurudishia.

Dada, nimesoma kwamba kafeini inazuia ATM na ATR. Je, sisi tunaokunywa kahawa ya Mbozi tunajiharibia ukarabati wa DNA?

Swali hili nalipenda, na wanaoliuliza huwa na kikombe mkononi.

Ni kweli kafeini inazuia. Mwaka 1999 ilipimwa: ATM hupungua nusu kwenye milimola 0.2 hivi, ATR kwenye milimola 1.1. Kabla ya vizuizi vya kisasa, maabara nyingi ziliitumia kwa milimola kadhaa ili kuvunja mlinzi anayesimamisha seli isigawanyike ikiwa imejeruhiwa.

Sasa tupige hesabu. Kikombe cha kahawa ya kuchuja kina miligramu 100 hivi za kafeini. Ikishasambaa kwenye maji ya mwili wa mtu mzima, damu inabaki na mikromola 10 hivi. Milimola 2 ya maabara ni mara 200 ya hapo, ni karibu miligramu 390 kwa lita. Kafeini ikifika miligramu 80 kwa lita ya damu tayari inahesabika kuwa ya kuua. Kwa hiyo moyo wako utasimama zamani kabla ATR haijajua kuna mgeni. Kunywa kahawa yako, iwe ya Mbozi, ya Mbinga au ya Rungwe.

Halafu jiulize: kama milimola 2 inahitajika, inagusa vitu vingine vingapi njiani? Vingi. Kafeini imefundisha watu mengi kuhusu ATM na ATR, lakini leo ukiniletea tasnifu yenye kafeini peke yake kama ushahidi, nitakuuliza KU-55933 iko wapi.

DMSO yangu imeganda mezani. Imeharibika?

Haijaharibika. Uko Mbeya na ni Julai.

Miongozo mingi huandikwa na watu wa vyumba vya nyuzi 22, nao husema tu «yeyusha kizuizi kwenye DMSO, hifadhi». DMSO huganda kwenye nyuzi 18.5. Hapa Juni na Julai usiku tunashuka chini ya nyuzi 10, na maabara isiyo na hita asubuhi ni friji yenye madirisha. Makete na Njombe, ambako umande unageuka barafu kwenye majani, sihitaji kuwaeleza.

Hatari inakuja pale ilipoyeyuka nusu. Nilikuwa na kijana mmoja, mchapakazi kweli, aliyekuja saa moja asubuhi akakuta kichupa kina donge jeupe chini na maji kidogo juu. Akaona maji yanatosha, akavuta mikrolita 2 kutoka hapo juu, akaendelea na kazi. Kesho yake hivyo hivyo. Wiki ya tatu akaja na grafu ambayo dozi ile ile inaua seli zote Jumatatu, na Alhamisi haiui hata moja. Tulibadilisha seli, tukabadilisha seramu, tukamlaumu aliyeuza kizuizi.

Kumbe donge likiganda linaisukumia dawa nje, na ile sehemu inayoyeyuka kwanza ndiyo yenye dawa nyingi. Siku za mwanzo alikuwa anavuta asali, siku za mwisho alikuwa anavuta maji ya kuoshea sufuria.

Kwa hiyo: weka kichupa kwenye maji ya nyuzi 37 kwa dakika chache mpaka chote kiwe maji, kitikise vizuri, kizungushe kidogo kwenye sentrifuji ili matone ya mfunikoni yashuke, kisha kiinue kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona chembe zinameta, dawa haijayeyuka yote, rudia. Gawa mapema kwenye vichupa vya matumizi ya mara moja. DMSO hunyonya unyevu hewani, usiiache wazi, hasa Machi mvua inapokuwa haikati.

Na kiasi cha DMSO kinachofika kwa seli kibaki asilimia 0.1, ikizidi sana 0.5, kiwe sawa kwenye kila kisima pamoja na kile kisicho na dawa. Jambo moja la pembeni: sisiplatini, dawa ya saratani inayojeruhi DNA, usiiyeyushe kwenye DMSO. Inajifunga nayo na kupoteza nguvu. Nimeona tasnifu nzima imejengwa juu ya sisiplatini iliyokwisha kufa.

Niweke dozi gani?

Usiinakili IC50 (kiwango cha kizuizi kinachozima nusu ya kazi ya kimeng'enya) ya kwenye makala ukaimwagia seli. IC50 hiyo imepimwa kwenye mrija, kimeng'enya kikiwa peke yake, na kwa akina ATM hupimwa mara nyingi kwa ATP (molekuli ya nishati ya seli) kidogo. Vizuizi vingi vya familia hiyo hugombea kiti kimoja na ATP, na ndani ya seli ATP iko kwa milimola. KU-55933 huzima nusu ya ATM kwenye nanomola 13 za mrijani. Kwenye seli watu hutumia mikromola 10, yaani zaidi ya mara 700. Olaparibu, isiyogombana na ATP, ina IC50 ya nanomola 5 hivi na seli nyingi huonyesha matokeo mazuri kwenye mikromola 1 au chini.

Weka dozi 8 zinazopishana mara tatu tatu, na pima shughuli ya kimeng'enya chenyewe ndani ya seli zako kabla hujapima vifo. Tumia dozi ndogo kabisa inayokizima. Kuongeza «ili tuwe na uhakika» ndiko kunakokuondolea uhakika.

Nitajuaje kwamba kizuizi changu kinazuia kile kinachodaiwa?

Hapa ndipo ningependa mtumie muda wenu wote, na ndipo mnapotumia mchache kuliko popote.

Kisa cha kwanza. Iniparibu ilitangazwa kuwa kizuizi cha PARP, ikaingia kwa wagonjwa wa saratani ya matiti, majaribio ya awali yakatia moyo. Januari 2011 jaribio kubwa likashindwa. Mwaka uliofuata ikaonyeshwa kwamba iniparibu haizuii PARP kama vizuizi vya kweli vinavyoizuia. Inajibandika ovyo kwenye protini nyingi. Kwa muda watu walidhani wazo zima la PARP limekufa, kumbe aliyezikwa hakuwa ndugu yetu.

Kisa cha pili, SCR7. Mwaka 2012 ilitangazwa kuzuia Ligesi IV, ile inayounga ncha za DNA zilizokatika. Maabara nyingi zikaikimbilia. Mwaka 2016 kundi jingine likaonyesha kwamba hata mchoro wa molekuli ulikuwa na utata, na kwamba si kizuizi chenye nguvu wala cha kuchagua cha Ligesi IV. Bado inauzwa. Bado wanafunzi wananiletea.

Kwa hiyo ukiwa na PARP, fanya hivi siku ya kwanza. Wape seli peroksidi ya hidrojeni kwa dakika 10. PARP itaamka na kusuka minyororo ya ADP-ribosi, ambayo kingamwili inaiona kwenye membreni kama moshi mweusi unaopanda kutoka kwa protini nzito. Seli zilizopewa olaparibu kwanza hazina moshi huo. Ukiuona moshi kwenye kizuizi chako, simama. Pasua seli upesi na kwa baridi, maana kuna kimeng'enya kingine, PARG, kinachofagia minyororo hiyo wakati wewe unatafuta kalamu.

Baada ya hapo, tafuta kizuizi cha pili chenye umbo tofauti la kemia. Vikikubaliana, una hoja. Tafuta ndugu yake asiyefanya kazi, molekuli inayofanana naye ila imeondolewa kitu kimoja. Huyo akiua seli pia, una tatizo. Tafuta seli isiyo na kimeng'enya hicho kabisa: kizuizi kikiiua vilevile, basi kinaua kwa njia nyingine.

Na kama wewe ndiye unayechuja molekuli mpya kwenye mrija, weka sabuni. Simaanishi ya unga. Triton X-100 asilimia 0.01. Molekuli nyingi zinazoonekana vizuizi ni mabonge tu yanayokumbatia kimeng'enya chochote kinachopita, na sabuni huyavunja. Ukiweka sabuni na kizuizi kikatoweka, hukuwa nacho. Mwaka 2010 Jonathan Baell na Georgina Holloway walitoa orodha ya maumbo ya kemia yanayodanganya kwenye kila kipimo. Isome kabla hujaita waandishi wa habari.

Bibi yangu wa Rungwe ana mizizi inayotibu vidonda. Nikionyesha inazuia PARP, nitapata tasnifu?

Utapata tasnifu, ila sijui kama utakuwa umempata bibi. Juisi nzima ya mzizi ina tanini, na tanini hushika protini zote, ndiyo maana chai kavu inakausha ulimi. Juisi hiyo itazuia PARP, itazuia APE1, itazuia na kimeng'enya cha jirani. Weka sabuni, weka albumini nyingi kama kinga, pima dhidi ya kimeng'enya kisichohusika kabisa. Kikibaki kitu, kitenge, kijue ni molekuli gani.

Na mwambie bibi unachofanya kabla hujachimba. Jina lake likae kwenye shukrani kama akikubali, na mtaje kwamba ujuzi ni wake.

Kipimo cha kometi kinanitoa mikia kila mahali, hata kwenye seli ambazo sijazigusa.

Pole. Nami yalinipata.

Kwa wasiokijua: unachanganya seli na agarosi laini, unazitandaza kwenye slaidi, unaziyeyusha utando kwa chumvi na sabuni, unaziloweka kwenye alkali ya pH zaidi ya 13 kwa dakika 20, kisha unapitisha umeme. DNA nzima inakaa kama mwezi mpevu, iliyokatika inavutwa na kuwa nyota yenye mkia. Umbo la leo la alkali ni la 1988.

Siku yangu mbaya, umeme ulikatika dakika ya 12. Ukarudi baada ya dakika 25. Nikaona aibu kutupa slaidi 24, nikamalizia dakika nane zilizobaki. Kwenye darubini kila seli ilikuwa na mkia, pamoja na zile za maji matupu. Bila shaka: zilikuwa zimelowa kwenye alkali dakika 25 za ziada, na alkali hugeuza kila jeraha dogo kuwa mkato. Kama nisingekuwa na slaidi zisizo na dawa kwenye tangi lile lile, ningeandika kwamba kizuizi changu ni cha ajabu.

Joto nalo lina lake. Mikia ya Julai, maji yakiwa na nyuzi 12, ni mifupi kuliko ya Novemba. Weka tangi kwenye beseni la barafu mwaka mzima ili msimu usiingie kwenye matokeo. Umeme ukikatika, tupa.

Mwinuko wetu una athari yoyote?

Una mbili ambazo vitabu havikuambii. Mbeya iko karibu mita 1,700. Maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo maelekezo ya «chemsha sampuli za protini kwenye nyuzi 95» hayatimii kwenye sufuria. Tumia bloku kavu au ongeza dakika.

Ya pili ni inkubeta. Asilimia 5 ya dioksidi ya kaboni inakusudia hewa ya pwani. Hewa yetu ina mgandamizo wa kama asilimia 82 ya ule wa Dar, kwa hiyo asilimia 5 ya hapa ni kama 4 ya kule, na maji ya kukuzia seli yanaegemea zambarau. Tukiweka 6, rangi inarudi. Wa Iringa mjini mko chini kidogo yetu, pimeni pH wenyewe. Seli zilizokaa kwenye pH isiyofaa zina majeraha yake, na utampa sifa kizuizi kwa kazi asiyoifanya.

Chuo chetu hakina maabara ya seli. Nina laptopu tu.

Inatosha kuanza. Maumbo ya PARP1 yakiwa yameshikana na vizuizi yako wazi kwenye hazina ya protini duniani, bure. AutoDock Vina ni bure. Lakini kabla hujapanga molekuli elfu, itoe olaparibu kwenye kishimo chake, iombe programu iirudishe, upime imekaa umbali gani na ilipokuwa. Ikizidi angstromu 2, mpangilio wako una kasoro. Na usiandike kwamba molekuli «inazuia». Andika kwamba «imependekezwa na programu». Ni maneno machache lakini yanakuokoa mbele ya jopo.

Haya yote ni saratani. Mkoa wetu una kifua kikuu, je?

Hoja nzuri, na jirani yako NIMR Mbeya, taasisi ya utafiti wa magonjwa, amefanya utafiti wa kifua kikuu kwa miaka mingi, nenda kasikilize mihadhara yao.

Bakteria wa kifua kikuu hupata usugu kwa mabadiliko ya DNA yake yenyewe. Haazimi jeni za usugu kwa wenzake kama bakteria wengine wafanyavyo. Wazo ni hili: ukizuia vimeng'enya vinavyomsaidia kustahimili majeraha na kukosea wakati wa kunakili, je, unamchelewesha kuwa sugu? RecA, mmoja wa warekebishaji wa DNA ya bakteria, ni mlengwa mmoja. Suramini, dawa ya zamani ya malale, imeonekana kuizuia mrijani, ingawa suramini hushika protini nyingi na ukisoma swali la bibi utajua nitasema nini. Kwa mwanafunzi ni uwanja mzuri, ila bakteria hai wa kifua kikuu hawakuzwi kwenye maabara ya kawaida. Tumia ndugu yake mpole, Mycobacterium smegmatis.

Nimesikia vizuizi vya DNA-PK vinasaidia kuhariri jeni kwa CRISPR.

Vinasaidia: ukifunga njia ya haraka ya kuunga ncha, seli hutumia zaidi ile ya kunakili kutoka kwenye kiolezo. Lakini 2024 ilionyeshwa kwamba AZD7648, kizuizi kizuri cha DNA-PK, iliongeza pia upotevu wa vipande vikubwa vya kromosomu, ambavyo kipimo cha kawaida cha PCR fupi hakivioni. Asilimia ya seli zilizohaririwa ilionekana nzuri kwa sababu seli zilizoharibika hazikuhesabika.

Dada, mama mdogo ana saratani ya matiti. Olaparibu ya maabara ni rahisi kuliko ya hospitali. Naomba unisaidie kuagiza.

Pole sana, mdogo wangu. Hapana.

Sikatai kwa ubahili wala kwa sheria peke yake. Unga wa maabara umepimwa usafi wa kutosha kwa seli kwenye sahani, haukutengenezwa kumezwa. Hauna kidonge, hauna kipimo cha mtu. Olaparibu hushusha damu, na anayeitumia hupimwa damu mara kwa mara ili daktari apunguze au asimamishe. Na kwa saratani ya matiti hutolewa kwa wagonjwa fulani tu, hasa waliorithi hitilafu ya BRCA. Mama mdogo akiwa hana hitilafu hiyo utamnunulia madhara bila faida.

Mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, na waulizeni wazi kuhusu kipimo cha BRCA na kuhusu rufaa ya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mwandikieni maswali kwenye karatasi kabla hamjaingia kwa daktari, maana mkifika mtasahau. Ukitaka mtu wa kukusaidia kuyaandika, nipigie. Hiyo saa yoyote.

Glavu moja inatosha?

Kwa DMSO, vaa mbili za nitraili na ubadilishe ya juu ikidondokewa. DMSO hupenya ngozi, na inapita pamoja na kilichoyeyushwa ndani yake. Wewe nawe una DNA inayohitaji kukarabatiwa. Taka za vizuizi na za dawa za kujeruhi DNA zisimwagwe sinki. Kusanya kwenye chupa yenye lebo, zichomwe panapostahili.

Mzigo umetoka Dar kwa basi, umefika stendi ya Nane Nane usiku, barafu kavu imeisha. Nitupe?

Angalia ni unga au ni maji. Unga mkavu wa vizuizi vingi huvumilia siku chache za joto la kawaida, na wauzaji wengine huusafirisha hivyo kwa makusudi. Soma karatasi yake, uweke friza, endelea. Kama uliagiza kilichokwisha yeyushwa kwenye DMSO, fanya kile kipimo cha moshi kabla hujakiamini. Kingamwili zimefika zikiwa bado na ubaridi? Zijaribu. Vimeng'enya vilivyosafishwa, kama PARP1 ya kwenye mrija, vikifika vuguvugu baada ya kilomita zaidi ya 800, hivyo piga picha, mwandikie muuzaji usiku huo huo, na usivifungue. Mara nyingine waambie wafunge kwa barafu kavu ya siku tatu, si ya siku moja, maana Kitonga kuna malori.